Kumlaza ubavu mtu aliyepoteza fahamu: mwongozo wa nyumbani, mwaloni na njiani kwa wakazi wa Kigoma

Mtu akianguka ghafla sokoni Mwanga au kwenye mwalo wa Kibirizi, watu humzunguka upesi. Mmoja humwinua na kumkalisha, mwingine humwagia maji usoni, na kabla dakika haijaisha amefika mwenye soda au maziwa ya kumnywesha. Nia ni njema. Lakini kama mtu huyo hajitambui na bado anapumua, vitendo hivyo huiweka hatarini ile pumzi aliyobaki nayo. Anachohitaji ni kulazwa ubavu, kichwa kimerudishwa nyuma na mdomo unatazama chini, kisha awepo mtu wa kuihesabu pumzi yake mpaka afike mikononi mwa wahudumu wa afya. Kazi hiyo haitaki dawa wala kifaa. Inataka mikono miwili na mtu aliyewahi kuifanyia mazoezi.

Kwa nini ubavu

Mtu mzima wa afya akilala usingizi, koo lake halilali. Humeza mate, hukohoa kitu kikimpalia, hujigeuza mwenyewe akikosa hewa. Aliyepoteza fahamu amepoteza mlinzi huyo. Misuli ya taya na ulimi hulegea, na akiwa chali, shina la ulimi huanguka nyuma na kuziba koo. Kile kinachoitwa "kumeza ulimi" si kumeza: ulimi umeshikamana na taya la chini, umelegea tu na kurudi nyuma. Ndiyo maana kijiko mdomoni hakisaidii kitu. Ukiinua kidevu, taya huja mbele na ulimi huja nalo.

Hatari ya pili ni matapishi. Mlango wa tumbo nao hulegea, chakula na maji hupanda, na kwa kuwa hakuna kukohoa, huingia mapafuni. Hilo ndilo huwaua walevi wengi walioachwa chali "wapumzike", na ndilo humwua mgonjwa wa kifafa ambaye degedege lenyewe lilikuwa limekwisha. Akiwa ubavu na mdomo chini, matapishi, damu na ute hutoka nje vyenyewe.

Nani anahusika

Usisubiri mtu awe amezimia kabisa. Mlalo huu unamfaa yeyote ambaye hawezi kujilindia koo lake: anayeguna tu ukimwita, anayefumbua macho ukimtikisa kisha anarudi kulala, anayejibu maneno yasiyoeleweka huku udenda ukimtoka. Kipimo chepesi ni hiki: mwambie akushike vidole viwili na akutajie jina lake. Akishindwa vyote viwili lakini anapumua vizuri, ni wa kulazwa ubavu.

Wapo wasiohusika. Mwenye pumu au maumivu ya kifua aliye macho na anayehangaika kupata hewa aachwe akae, aegemee, ajichagulie mkao. Ukimlaza kwa nguvu unamnyima pumzi. Aliyezirai kwa kusimama muda mrefu juani au msibani, naye akaanza kuzinduka mara tu alipolala chini, alazwe chali na miguu iinuliwe. Akipitisha dakika moja bila kuzinduka vizuri, mgeuze ubavu, kwa sababu huko si kuzirai kwa kawaida tena.

Sekunde 10 zinazoamua kila kitu

Kabla ya kumgusa, angalia kilichomwangusha: waya wa umeme, jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, pikipiki zinazopita. Penye moshi wa mkaa, fungua milango na umtoe nje kwanza. Kisha piga magoti, mguse mabega yote mawili na umwite kwa sauti: "Mzee, mzee, unanisikia? Fumbua macho!" Unamgusa kwa nguvu ya kumwamsha aliyelala fofofo, humtingishi kichwa.

Kama haitiki, mlaze chali kwa muda mfupi wa kumpima. Kiganja kimoja kwenye paji la uso, vidole viwili vya mkono mwingine chini ya mfupa wa kidevu, na urudishe kichwa nyuma. Vidole viwe kwenye mfupa; ukibonyeza nyama laini iliyo chini ya kidevu, unausukuma ulimi juu na kuziba njia uliyokuwa unaifungua. Chungulia mdomoni. Kama kuna kitu unachokiona wazi, kama meno ya bandia yaliyochomoka au pande la ugali, kitoe. Usipapase kwa kidole usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi.

Sasa inama, shavu lako likaribie mdomo wake, macho yako yatazame kifua chake. Sikiliza, hisi joto la pumzi, tazama kifua kikipanda. Hesabu polepole hadi 10, usizidishe. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo ndani ya sekunde 10 utegemee angalau pumzi mbili tulivu. Kifua kinachopanda bila hewa kutoka puani wala mdomoni si kupumua. Ni mwili unaohangaika na koo lililoziba. Rekebisha kichwa, upime tena.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa hili halina msamaha. Moyo ukisimama, mtu anaweza kuendelea kwa dakika chache kuvuta pumzi za kukata roho: anafungua mdomo na kuufumba kama samaki aliyetolewa majini, pumzi moja nzito, kimya kirefu, kisha nyingine yenye mkoromo. Walio pembeni husema "bado anapumua" na kumgeuza ubavu, wakati moyo umeshasimama. Pumzi za namna hiyo zihesabu kama hakuna pumzi. Mtu huyo abaki chali kwenye kitu kigumu, nawe uanze kumshindilia kifua: viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua kwenye nusu ya chini ya mfupa, uzamishe sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukijua kupuliza, kila mara 30 za kushindilia upulize pumzi 2. Hujui au unaogopa, shindilia mfululizo. Kwa mtoto na kwa aliyezama majini, anza na pumzi 5, kwa kuwa hao huwa wamekosa hewa kabla ya moyo kusimama.

Ukiwa na mashaka kati ya kupumua na kutopumua, chagua kushindilia. Anayepumua kweli kwa kawaida ataguna au kukusukuma mkono.

Wakati unapima, mtu mwingine apige simu. Namba 112 ni ya dharura, 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 115 ni ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Zote hazina malipo. Mwingine atafute gari wakati huohuo. Usisubiri jibu la kwanza ndipo uanze la pili.

Kumgeuza, hatua kwa hatua

Andaa mwili kwanza. Vua miwani, toa simu, funguo na kisu mifukoni, hasa upande utakaolaliwa. Legeza tai, mkufu, na mtandio au hijabu iliyobana chini ya kidevu. Hakuna haja ya kuvua kichwani, kulegeza kunatosha. Kwa mwanamke, tandaza kanga kuanzia kiunoni hadi miguuni kabla ya kuinua goti. Jambo hilo linaonekana dogo, ila ndugu hawatakuzuia kazi na yeye akizinduka atakuta amestiriwa. Ukiwa na glavu, vaa.

1. Piga magoti ubavuni kwake, usawa wa kifua, magoti yako yakiwa karibu kumgusa. Nyoosha miguu yake yote miwili.

2. Mkono wake ulio karibu nawe upeleke nje mpaka uwe pembe mraba na mwili, kiganja kikitazama juu.

3. Mkono wa mbali uvushe juu ya kifua, uje kwako, na mgongo wa kiganja chake uuweke kwenye shavu lake lililo upande wako. Ushike hapo kiganja kwa kiganja. Usiuachie mpaka amekwisha kugeuka. Ndio unaoshikilia kichwa kisiyumbe.

4. Kwa mkono wako mwingine, shika mguu wa mbali juu kidogo ya goti. Vuta goti lije juu mpaka wayo ukanyage chini bapa.

5. Vuta goti hilo kuja kwako, ukiendelea kubana kiganja chake shavuni. Mwili wote utafuata. Mapaja yako yatamzuia asipitilize kifudifudi.

6. Panga mguu wa juu: nyonga pembe mraba, goti pembe mraba. Huo mguu ndio mguu wa kigoda. Ukiwa umepangwa vizuri, ukimsukuma kidogo mgongoni au kifuani haanguki.

7. Rudisha kichwa nyuma tena, kwa kuwa hujikunja wakati wa kugeuka. Tumia kiganja kilicho chini ya shavu kukishikilia. Fungua mdomo kidogo na hakikisha pembe yake ya chini ndiyo iliyo chini kabisa ya uso, ili kitakachotoka kitoke.

8. Pima pumzi upya, kama mwanzo.

Ukijua, yote haya hayazidi nusu dakika. Msichana wa miaka 14 anaweza kumgeuza baba yake wa kilo 90, kwa sababu goti ni wenzo. Anayeshindwa ni yule anayevuta bega.

Yanayoharibika mara kwa mara

Kidevu kugusa kifua. Hili linaongoza. Watu humgeuza vizuri, kisha kwa huruma wanamwekea mto au shuka lililokunjwa chini ya kichwa. Mto hukunja shingo, na shingo iliyokunjwa huziba koo kama bomba la mpira lililopindwa. Kichwa kikae juu ya mkono wake mwenyewe tu. Ukisikia mkoromo, usifurahi kwamba "amelala": mkoromo ni njia iliyoziba nusu. Rudisha kichwa mpaka mkoromo ukome na sauti ya hewa ibaki laini. Ukimya wa ghafla baada ya mkoromo ni habari mbaya zaidi. Pima mara moja.

Goti la juu kunyooka. Mtu hujiviringisha kifudifudi, uso unazama kwenye mchanga au godoro, na tumbo linabanwa. Rudi hatua ya 6. Kama ardhi inateleza au ina mteremko, kunja blanketi, gunia au wavu na uuegemeze mgongoni.

Godoro laini. Mtu huzama katikati, kichwa na miguu vikawa juu, mwili ukajikunja. Mshushe kwenye mkeka sakafuni. Chumba kikiwa kidogo huwezi kupiga magoti ubavuni, mburute kwa shuka alilolalia mpaka penye nafasi. Usimbebe makwapani, kichwa kitaning'inia.

Watu kumziba. Duara la watu 20 hunyima mwanga wa kumwona na nafasi ya kufanya kazi. Wape kazi: wawili wakasimamishe gari, mmoja ashike mwavuli wa kivuli, wengine wapishe.

Baada ya kumlaza, kazi ya kweli ndiyo inaanza

Ulalo wa ubavu una kasoro moja ambayo lazima isemwe: mtu akishageuzwa, kifua chake hakionekani vizuri kama alivyokuwa chali, na moyo unaweza kusimama bila aliye karibu kugundua. Kwa hiyo awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni pumzi peke yake. Hapigi simu, haelezi wageni kilichotokea, hapokei ushauri. Kiganja kimoja kinakaa kwenye tumbo la juu, mgongo wa kiganja kingine karibu na pua. Kila dakika moja ajiulize: imeingia? imetoka? Ahesabu pumzi za dakika nzima kila baada ya dakika 5 na aandike kwenye simu pamoja na saa. Zikishuka chini ya 10 kwa dakika, au zikiacha mapengo marefu, mrudishe chali na upime kwa sekunde 10; kama si pumzi za kawaida, shindilia.

Kwa ngozi nyeusi usitafute ubuluu mashavuni. Tazama ndani ya midomo, ulimi, kucha na viganja: vikigeuka vya kijivu au vya zambarau, hewa haitoshi.

Mkono wa chini hubanwa na uzito wa mwili. Vidole vyake vikipoa au kuvimba, usogeze. Ikipita nusu saa na bado mko njiani au mnasubiri, mgeuze ubavu wa pili kwa hatua zilezile. Mfunike kitenge au blanketi, isipokuwa mwenye homa kali. Huyo mpunguzie nguo.

Wala usimpe chochote mdomoni. Si maji, si maziwa, si mawese, si asali.

Degedege na kifafa

Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini, kwa hiyo degedege la mtoto mwenye homa ni jambo ambalo nyumba nyingi zitakutana nalo. Wakati anatetemeka, huwezi kumpanga ubavu kwa hatua zote, wala usijaribu kumbana. Sogeza mawe na jiko, weka nguo laini chini ya kichwa kwa muda huo tu, angalia saa. Kama anaegemea upande wenyewe, muache aegemee. Mtetemeko ukikoma, ndipo umlaze ubavu, uondoe ile nguo ya kichwani, ufute povu. Atabaki amelala mzito kwa dakika kadhaa; huo ndio muda wa hatari ambao watu huondoka wakidhani kumekwisha.

Kiatu cha kunusishwa, kijiti cha kiberiti, kijiko kati ya meno: acha vyote. Kijiko huvunja jino, na jino lililovunjika ni kitu kingine cha kuziba koo. Kugusa mate ya mwenye kifafa hakuambukizi kifafa. Mtetemeko ukizidi dakika 5, ukijirudia kabla hajazinduka, au ikiwa ni mtoto mwenye homa, safari ya zahanati ianze hata kama anaonekana kupata nafuu.

Ziwani

Aliyetolewa Tanganyika akiwa hajitambui alazwe sambamba na ukingo wa maji, ili kichwa na miguu viwe usawa mmoja. Ufuko una mteremko, na ukimlaza kichwa kikielekea ziwani au mlimani unaharibu mambo. Kumning'iniza miguu juu, kumzungusha juu ya pipa au kumkamua tumbo hakutoi maji mapafuni. Kunatoa yaliyomo tumboni, nayo yanaingia mapafuni. Kama hapumui, pumzi 5 kisha kushindilia. Povu likitoka jingi usipoteze muda kulifuta, endelea kupuliza. Kama anapumua, ubavu mara moja, kwa kuwa wengi wa walionusurika hutapika. Mvue nguo zenye maji, umfunike. Na hata akizinduka na kuomba aende nyumbani, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Walioanguka mchikichi au boda

Hapa kanuni inabadilika, kwa sababu shingo na uti wa mgongo vinaweza kuwa vimevunjika. Mkata ngazi (matunda ya mchikichi) aliyeanguka kutoka juu, au abiria wa boda aliyerushwa barabarani, akiwa anapumua vizuri na mdomoni hakuna damu wala matapishi, usimgeuze. Mtu mmoja apige magoti kichwani kwake, ashike kichwa kwa viganja viwili kisiende popote. Njia ya hewa aifungue bila kurudisha kichwa: vidole nyuma ya kona za taya chini ya masikio, asukume taya mbele.

Ila pumzi inatangulia mgongo. Akianza kutapika, damu ikijaa mdomoni, au ukisikia sauti ya maji kooni, geuza. Mkiwa wanne: mmoja kichwani, ndiye atoaye amri, mmoja mabegani, mmoja nyongani, mmoja miguuni. Kwa hesabu yake ya tatu, mwili wote unageuka kama gogo, pua na kitovu vikiwa mstari mmoja muda wote. Ukiwa peke yako: mkono wake wa karibu uunyooshe juu kupita kichwa, mkono wa mbali uuvushe kifuani, kunja goti la mbali, na unapomvuta kwa goti mkono wako mmoja ushikilie shingo. Kichwa kitatua juu ya ule mkono ulionyooshwa, hakitaning'inia upande. Kisha kunja magoti yote mawili yamshikilie.

Mjamzito na mtoto mchanga

Mjamzito ambaye tumbo limefika kitovuni au kulipita alazwe ubavu wa kushoto, na abaki huohuo. Akilala chali, uzito wa mimba hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, presha hushuka, na mtoto naye hukosa damu. Degedege kwa mjamzito ni dharura ya kupiga 115 bila kujadiliana.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja humlazi kwa hatua za mtu mzima. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako wa mbele, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko makalio, kiganja chako kikishika taya bila kubana koo. Shingo yake usiirudishe nyuma sana. Pua itazame mbele tu. Koo la mtoto mchanga ni laini, likivutwa sana nalo huziba.

Pombe, sumu, nyoka, kisukari

Aliyelewa gongo asiyeamka kwa kutikiswa si mlevi anayelala, ni mgonjwa. Ubavu, na asiachwe chumbani peke yake. Aliyekunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, au dawa ya kuulia wadudu, usimtapishe: mafuta yakipanda yanaingia mapafuni. Mlaze ubavu wa kushoto, maana tundu la kutokea tumboni liko kulia na hivyo sumu huchelewa kupita. Dawa ya shamba ikiwa imemwagika nguoni, vaa glavu, mvue, mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Chukua chupa au paketi iende naye.

Aliyeumwa na swira au koboko huanza kulegea kope, kisha anashindwa kumeza mate akiwa bado anakusikia. Mlaze ubavu wakati huo, usisubiri azimie. Usichanje, usifunge kamba ya kukata damu.

Mwenye kisukari anayetetemeka na kutoka jasho, lakini anajibu na anameza, mpe vijiko 4 hadi 5 vya chai vya sukari kwenye maji. Akiwa hawezi kumeza, rudi kwenye ubavu.

Njiani

Njia inayotumika sana ndiyo mbaya kuliko zote: mgonjwa asiyejitambua kupakiwa kwenye boda, amebanwa katikati ya dereva na ndugu. Kichwa huanguka mbele, kidevu hugusa kifua, na hakuna anayeuona uso wake. Wengine hufika wakiwa wamekwisha kukata roho bila aliyemshika kujua. Afadhali kusubiri dakika 10 upate bajaji.

Ndani ya bajaji, mlaze kwenye kiti cha nyuma, mgongo ukiegemea kiti na uso ukitazama mbele, magoti yakunjwe. Msaidizi akae sakafuni usawa wa kichwa, mkono kwenye kidevu. Kwenye Noah, laza viti au tumia sakafu. Kwenye pikapu, godoro chini, watu wawili wamzuie kifuani na mgongoni. Barabara ya vumbi humpindua usipomshika. Kwenye machela ya miti miwili na shuka, shuka huzama katikati na kumkunja: tandika mbao au mkeka mgumu, mlaze ubavu, na mmoja atembee upande wa uso, si nyuma.

Kutoka vijiji vya kando ya ziwa huko kusini, wilayani Uvinza, safari ni ya boti, na ni ndefu. Mlaze juu ya mbao, si ndani ya maji yaliyokusanyika chini. Kichwa kiwe mbali na injini na moshi wake. Wavu uliokunjwa uwe nyuma ya mgongo. Beba tochi ya kumulika midomo usiku. Kwenye boti kubadilisha ubavu kila nusu saa kunasahaulika upesi, kwa hiyo wekeni kengele ya simu.

Mkifika

Zahanati, kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, anayemkabidhi mgonjwa awe yule aliyekuwa anahesabu pumzi. Aseme: saa ngapi alionekana mzima mara ya mwisho, alianguka vipi, alitetemeka dakika ngapi, alitapika mara ngapi na rangi gani, pumzi zilikuwa ngapi kwa dakika, ubavu gani na tangu lini, dawa anazotumia, na kama kuna chochote alichonyweshwa kabla hujafika. La mwisho hilo lisifichwe hata kama aliyemnywesha ni mama yake na amesimama hapohapo, kwa sababu daktari anayetaka kumwekea mpira kooni lazima ajue tumbo lina nini.